Vile vyuma vya zamani mu depo: tujue kwanza vilikuwa vya kazi gani



Wanunuzi wa mitrayi wanapita sasa mpaka ndani ya vijiji. Wanakuja na kilo yao, wanapima, wanalipa, wanapakiza. Kwao chuma ni chuma: rimu ya gari, jembe lililoisha, sufuria iliyotoboka, mashini nzima ya kahawa iliyolala nyuma ya hangari miaka na miaka. Vyote bei moja. Shaba ndiyo inalipwa zaidi, njo maana mara nyingi wanaanza kwa kubandua shaba.

Kila tunapotembelea depo za koperative, tunaonyeshwa kona ya vyuma visivyo na jina. Mmoja anasema "hii ni ya Wabeleji", mwingine "baba alikuwa kapita ku plantasio, alirudi nayo", na maneno yanaishia hapo. Vingine kweli ni takataka. Lakini vingine vingali na kazi, vingine vinaweza kuleta mabishano ya mashamba, vingine vina sumu ndani, na kimoja kimoja kinaweza kuua mtu. Ni hatari kuvitendea vyote namna moja.

Majina yalipotea kwa sababu inayojulikana. Mashini zilikuwa za plantasio, za kompani na za stesheni za INEAC, ile iliyoanzishwa mwaka 1933 na ambayo leo tunaiita INERA. Walimaji wa kawaida walileta mavuno mpaka mlangoni tu. Waliojua kufungua na kufunga mashini walikuwa fundi na makapita wachache. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba mali ya wageni inapewa wananchi. Wenye plantasio wengi wakaenda, na plantasio nyingi zikaanguka. Kisha vita. Chuma kilibaki, mtu aliyejua jina lake hakuwapo tena.

Habari njema ni kwamba chombo kinajieleza chenyewe, kama tukikiangalia polepole. Tafuteni kwanza mahali pa mkono: mpini, maniveli, ao tundu la kupitisha fimbo. Hapo mtajua kama kilizungushwa, kilisukumwa, ao kilivutwa. Kisha tafuteni mahali palipolika na kung'aa, sababu chuma kinalika pale kilipokutana na kazi yake. Kisha muulize: kitu kiliingia wapi, kilitokea wapi, na tundu la kutokea ni kubwa namna gani? Mwisho, sugueni kutu kwa burashi na majivu, maana waliofanya mashini waliandika majina yao juu ya chuma chenyewe. Jina la mji peke yake linaweza kutosha.

Mashini yenye ngoma ya shaba

Tuanze na ile tunayoikuta zaidi pembeni ya Ziwa Kivu na mu milima ya kahawa. Juu iko na sanduku kama faneli. Pembeni iko na gurudumu zito lenye maniveli. Ndani kuna ngoma iliyovikwa karatasi ya shaba, na shaba ile imejaa vinundu vidogo vidogo, kama ngozi ya mtu aliyepata tetekuwanga. Wengine wanasema ni ya kusagia nyama. Wengine wamekwisha kutia mahindi makavu ndani, na vinundu vyote vikalala.

Ni depulpezi, mashini ya kuondoa ganda jekundu la kahawa mbichi. Angalieni vile inajieleza. Vinundu havina makali, kwa hiyo haikatikati kitu. Inasukuma na kukamua. Mbele ya ngoma kuna bamba la chuma, na nafasi kati yao ni ndogo, mbegu moja ya kahawa inapita, tunda zima halipiti. Kuna njia mbili za kutokea: mbegu huku, maganda kule. Mashini ya kusaga ingekuwa na njia moja tu. Na ukikuta jina la Aberdeen ao la London juu ya chuma, usishangae: McKinnon wa Aberdeen na John Gordon wa London waliuzisha mashini hizi katika nchi nyingi za kahawa. Siku hizi zinatoka pia Kolombia, kwa Penagos. Ziko pia zenye sahani iliyosimama pahali pa ngoma, lakini kazi ni ile ile.

Sasa, kwa nini tunalia kwa ajili ya mashini iliyojaa kutu? Sababu kinacholika ni ile karatasi ya shaba peke yake. Mwili wa chuma, gurudumu, ekseli, vinaweza kudumu kuliko sisi wote. Shaba inabadilishwa, ekseli inatiwa grisi, na mashini inarudi kazini. Mnunuzi wa mitrayi anawalipa uzito. Koperative ikitaka kununua mpya kesho, italipa mashini.

Kahawa nyekundu inafaa ipite ku mashini siku ile ile imechumwa. Ikilala mu mufuko, inapata moto, inachacha, na harufu ile haitoki tena. Tena inahitajika karibu kilo 5 ao 6 za kahawa nyekundu kwa kupata kilo 1 ya kahawa ya kijani. Mlimaji anayekaa mbali na stesheni ya kuoshea anabeba basi kilo 5 mgongoni kwa ajili ya kilo 1. Mashini moja ya mkono mu kijiji chake inabadili mambo mengi.

Mkitaka kuijaribu, msianze kwa nguvu. Toeni uchafu wote, hata misumari na viota vya panya. Zungusheni polepole bila kitu ndani na musikilize: shaba ikilia juu ya chuma, nafasi ni ndogo mno, ao ngoma imepinda. Legezeni buloni za pande zote mbili sawasawa, si upande mmoja. Kisha tieni kahawa nyekundu ya mkono mmoja pamoja na maji, muangalie kinachotoka. Mbegu zilizokatwa ao kukwaruzwa zinaonyesha nafasi imebana. Matunda yanayotoka mazima yanaonyesha nafasi imepanuka. Hii si kazi ya kupuuza, maana mbegu iliyokatwa inageuka nyeusi na mnunuzi anashusha bei ya mufuko mzima. Na kabla ya kumwaga kahawa, iosheni mu maji na kutoa mawe. Jiwe moja tu linapasua shaba.

Mnyororo ambao si wa wafungwa

Kuna kitu kingine kinachotisha watu. Ni mnyororo mrefu wa waya nene, wenye mishikio miwili kwenye ncha zake. Wazee wengine wanakataa usiingizwe mu nyumba, wanasema ni mnyororo wa watumwa ao wa gereza. Tunaelewa, kwa yale yaliyopita mu inchi hii. Lakini muupime. Mnyororo wa kufunga watu una pete fupi na nene. Huu una vipande virefu vilivyonyooka, kila kimoja sentimita 20 toka katikati ya pete mpaka katikati ya pete inayofuata, na baada ya kila vipande 5 kuna pete ya shaba ya njano. Vipande 5 ni meta 1. Vipande 50 ni meta 10. Ni mnyororo wa kupimia mashamba, na mishikio ile imehesabiwa ndani ya meta 10. Wapimaji waliutembeza pamoja na vijiti vya chuma vyenye kichwa cha duara, walivyochomeka mu udongo kusudi wasisahau hesabu.

Tumeona umefungiwa mbuzi, na hakuna ubaya. Ubaya unaanza pale mtu anapoutoa mu depo wakati wa mabishano ya mipaka na kusema: "Huu ndio ulipima shamba la babu." Mnyororo wa zamani unarefuka. Pete zinalika, vipande vinanyooshwa na kuvutwa. Tuseme umerefuka sentimita 10 tu. Ukiutembeza mara 10 kwa kila upande wa shamba, unafikiri umepata meta 100 kwa meta 100, ndiyo hektari 1. Kweli umepata meta 101 kwa meta 101, yaani meta za mraba 10.201. Meta 201 zimetoka kwa jirani. Katika milima yetu, watu wanapelekana mu tribinali kwa sehemu ndogo kuliko hiyo. Kwa hiyo uchungeni, uonyesheni watoto, lakini mipaka ipimwe kwa dekameta mpya na mbele ya majirani wote.

Romeni na jiwe lake

Hapa tutakaa kidogo, maana ni mfuko wa kila mtu.

Romeni ni mizani ya fimbo ya chuma yenye alama, na ndoano, na jiwe la mizani linalotelezeshwa juu ya fimbo. Mara nyingi vipande vyake vimetawanyika. Fimbo iko mu depo, ndoano iko buchari, na jiwe lenyewe, lenye umbo la tunda la pera, linazuilia mlango wa mtu. Ukikuta chuma cha namna ile chenye kishikio juu, usilitupe na usilitenganishe na fimbo yake. Fimbo bila jiwe lake ni fimbo tu.

Kazi yake ni hii. Mzigo unaning'inia karibu na mahali fimbo inaposhikiliwa. Jiwe linakwenda mbali, upande wa pili. Kitu kidogo kilicho mbali kinalingana na kitu kizito kilicho karibu, sawa na watoto wawili juu ya ubao: mdogo akikaa ku mwisho, anamwinua mkubwa. Tuseme mzigo uko sentimita 5 toka mahali pa kushikilia, na jiwe ni kilo 2. Mzigo wa kilo 20 utalingana na jiwe lile likiwa sentimita 50. Hapo waliandika 20. Fimbo nyingi zina mahali pawili pa kushikilia: unaigeuza, na alama za upande wa pili zinasoma mizigo mizito. Njo maana mtu asiyejua anasoma upande usio wake na hesabu inaharibika.

Sasa muone mwizi anapoingilia. Hagusi alama, hagusi fimbo. Anagusa jiwe. Akiliongezea risasi chini mpaka kilo 2 zikuwe kilo 2 na gramu 200, jiwe halitakwenda mbali kama zamani. Mzigo wa kilo 100 utasomwa karibu kilo 91. Mlimaji anasimama pale pale, anaona fimbo imelala sawa, anasoma nambari kwa macho yake, na kilo 9 zimekwenda. Mwizi wa upande wa pili, mwenye kuuzisha, anafanya kinyume: anakata jiwe kusudi liwe jepesi, na mzigo unaonekana mkubwa.

Lakini msimshitaki mtu haraka sababu mumeona risasi. Mawe mengi ya mizani yalifanywa na tundu lenye risasi toka kiwandani, kwa kurekebisha uzito, na mkaguzi alipiga muhuri juu ya risasi ile. Risasi yenye muhuri ni alama nzuri. Risasi mpya bila muhuri, ao muhuri uliokwaruzwa, hapo muulize.

Njia ya kujua ni maji. Lita 1 ya maji safi ni kilo 1. Chupa 12 za maji za lita 1 na nusu, zilizojazwa vizuri, ni kilo 18, na plastiki inaongeza kidogo tu. Bidoni ya njano ya lita 20 haifai kwa kazi hii, kwani ukiijaza mpaka mdomoni inapita lita 20. Pimeni zile chupa mbele ya wote. Romeni ikisema 18 na kidogo, ni sawa. Ikisema 16, mumepata jibu. Na jaribio hili halihusu romeni za zamani tu; mizani ya mnunuzi anayekuja na kamioni, hata ile yenye nambari za umeme, inapimwa na chupa zile zile. Anayekataa kupima maji, kwa maoni yetu, amekwisha kujibu.

Vidogo vidogo

Bomba fupi la chuma lenye ncha kali, tundu refu pembeni, na mkia ulio wazi: watu wanadhani ni silaha, ao sindano ya ng'ombe. Ni sonda. Unaichoma mu mufuko uliofungwa, na kahawa ao mahindi ya katikati yanateremka mu mkono wako bila kufungua. Koperative inayo haki ya kuitumia sawa na mnunuzi. Ukichoma juu tu utapata kile mwenye mufuko alitaka uone. Choma pande, choma chini, pale mawe na unyevu vinajificha.

Bamba lenye matundu ya duara na nambari 15, 16 ao 18 kwenye kona ni tamisi ya kupangia kahawa kwa ukubwa. Nambari inahesabu vipande vya 64 vya inchi: namba 15 ni karibu milimeta 6, namba 18 ni milimeta 7 na kidogo. Tumeziona zikifunika vibanda vya kuku. Kuku hawahitaji namba 18.

Pete ya chuma inayoenea mu kiganja, yenye meno ndani, si kipande cha gari. Unaingiza hindi kavu, unazungusha, punje zinaanguka. Ioshe na uitumie leo jioni.

Kisu kifupi ambacho ncha yake imekunjwa kama herufi V ni cha kuchanja mpira wa hevea. Umbo lile linamzuia mkataji asiingie mpaka kwenye mti wenyewe, maana ngozi iliyokatwa mpaka ndani inapona vibaya.

Na kule milimani ambako hakuna ngazi, mtu anaweza kukuta pipa la chuma lenye matundu pande zote na skrubu kubwa katikati, akakosa la kusema. Ndugu wa Maniema wangemwambia mara moja: ni prese ya mawese. Nyingi zilitoka Wecker, Luxembourg, kwa Duchscher. Watu waliizunguka wakisukuma fimbo ndefu, ngazi ikiwa imepikwa, imetwangwa na ingali moto. Kinachokosekana mara nyingi ni ile fimbo tu, na fimbo inapatikana.

Pompi ya shaba ya mgongoni

Angalisho. Ile pompi yenye tumbo la shaba, yenye mikanda ya kubebea na mpini wa kupiga pembeni, inapendeza sana ikisuguliwa. Nyingi ziliandikwa Vermorel, fundi wa Ufaransa. Watu wanakata tumbo lile na kulifanya ndoo, birika, ao chombo cha kasiksi. Tunasema wazi: hapana. Ilikuwa ya kumwagia dawa ya mimea, na hakuna anayejua leo dawa gani zilipita ndani. Zamani zile DDT ilitumiwa sana. Inakaa miaka mingi bila kuoza, na katika mapatano ya Stockholm ya mwaka 2001 mataifa yaliizuia kwa kilimo. Kuosha kwa sabuni hakutoshi. Vivyo hivyo mapipa ya zamani ya dawa: si ya maji, si ya mafuta, si ya maziwa. Kama pompi inakaa mu depo, ikae mbali na mifuko ya chakula, na mtoto asiichezee.

Kile ambacho hatugusi

Yote tuliyosema juu, kusugua, kupima, kuzungusha, hayahusu vyuma vinavyotoka mu udongo pale vita vilipita. Chuma chenye umbo la chupa ndogo na mkia wa mabawa, bomba lenye kichwa cha ncha, kitu cha duara chenye pete na kishikio: ni obisi, roketi, grenadi. Kutu haiwaui, inazidisha hatari. Wanaoumizwa ni watoto, walimaji wanaopiga jembe, na wale wanaokusanya mitrayi na kugonga kwa nyundo kusudi watoe shaba. Rimu ya gari inafaa kwa kengele ya shule ao ya kanisa. Obisi hapana, hata kama imetundikwa miaka kumi na haijafanya neno.

Ukikiona: simama, usikiguse, usikitupie jiwe, usikichome moto. Rudi kwa nyayo zako mwenyewe. Weka alama kwa mbali, matawi ao kitambaa kinachoonekana, na uzuie watoto. Mjulishe shefu wa kijiji na polisi, na waombe habari ifike kwa CCLAM, ofisi ya serikali ya kupambana na mabomu ya ardhini, ao kwa UNMAS ya Umoja wa Mataifa. Lima sehemu nyingine kwa wakati huo, hata kama majira ya mvua yamefika.

Kwa vyuma vingine vyote, tafazali msiuzishe kabla ya kuuliza. Alikeni wazee waliofanya kazi ku plantasio, ku izini ya kahawa, ku Mulungu; wakae siku moja mu depo na sekretere aandike wanayosema, jina la chombo na kazi yake. Mkishindwa, tupatieni picha kupitia ajenti wetu anayewatembelea: picha moja ya chombo kizima, moja ya mahali palipolika, moja ya maandishi kama yako. Wekeni pembeni kitu tunachojua ukubwa wake, kiberiti ao chupa ya bia, na muandike uzito. Yale tutakayotambua tutayaandika mu namba zinazofuata za gazeti hili.